Msusi wa maabara ya ubongo aliyeponzwa na soga

Saa mbili kasorobo asubuhi, na msusi anasuka bila kusema neno.

Wanawake wawili wamekaa bega kwa bega kwenye viti vya plastiki, ndani ya chumba kidogo ambacho zamani kilikuwa stoo ya karatasi. Wa kwanza amekwisha kusukwa. Mistari saba imenyooka kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, na katikati ya mistari ngozi ya kichwa inaonekana wazi. Wa pili ndiye aliye mikononi. Mlangoni imening'inizwa kadi nyekundu yenye ukubwa wa daftari, imeandikwa KIMYA.

Yule wa pili anapiga chafya.

Msusi anasimamisha vidole. Midomo inafunguka, shingo inasogea mbele, neno "afya" limeshafika kwenye ncha ya ulimi. Analimeza. Anafumba macho, anavuta pumzi ndefu kwa pua, kisha vidole vinarudi kazini. Mimi niliyesimama pembeni nauma kalamu nisicheke, maana nikicheka nimeharibu kazi ya watu.

Asiyemjua msusi huyu atasema ana maringo. Wanaomjua wanasema hawajawahi kuona binadamu akiteseka kama yeye akinyamaza.

"Huyo shemeji yangu ukimfunga mdomo ataongea kwa masikio," ananinong'oneza nje ya mlango fundi mitambo wa hapa, mwanamume wa makamo mwenye ndevu za mvi ambaye alijitangaza mwenyewe kuwa shemeji na hakuna aliyempinga.

Hapa si saluni. Ni maabara ya chuo, ghorofa ya pili, ambako wanachunguza kinachotokea ndani ya ubongo watu wawili wanapokutana, wanapotazamana na wanapozungumza mpaka wakaelewana. Msusi ana miaka arobaini na minne, mama wa watoto wawili walioko sekondari, na jengo zima linamwita Mama Mistari. Tangu aanze kazi hapa amesuka vichwa mia moja themanini na saba. Hao wawili wa leo ni jozi ya arobaini, ya mwisho katika utafiti unaoendelea.

Keshokutwa, Ijumaa, mkataba wake unaisha. Kama utaongezwa au la, inategemea barua inayosubiriwa wiki ya tatu sasa kutoka kwa wafadhili, watu ambao mwaka huu walilazimika kuambiwa kwamba kazi ya miezi kumi na moja imeharibika.

Aliyeiharibu ni Mama Mistari. Na aliyefichua kwamba imeharibika ni yeye huyo huyo.

Tuanze na kofia, kwa sababu bila kofia hakuna kisa.

Ni kofia ya kitambaa kinachovutika, imepachikwa vidude thelathini na viwili, kila kimoja kama kifungo cha shati. Wenyewe wanaviita elektrodi. Kazi yake ni kunasa umeme mdogo mno unaotoka kwenye ubongo, na ili vinase, lazima viguse ngozi ya kichwa. Visipogusa, kompyuta inachora takataka.

"Sasa nywele kama zetu hizi, nene, zimejikunja, zinainua kofia kama umeiweka juu ya godoro," anasema Mama Mistari tulipopata nafasi ya kukaa. "Kwa hiyo walikuwa wanafanyaje? Wanakurudisha nyumbani! Kuna fomu wanajaza, wanaandika, 'Nywele hazifai.'"

Maneno hayo mawili anayatamka kama mtu aliyetukaniwa mama yake. "Nywele zisifae nini? Kofia ndiyo haikufaa."

Mwaka mmoja na miezi minane iliyopita alimsindikiza mdogo wake, aliyejitolea kupimwa. Fomu ikaandikwa yale yale. Mdogo mtu akachukua mkoba wake aondoke. Mkubwa hakuondoka.

"Nikamuuliza huyu fundi, 'Hivyo vidude mnataka vikae wapi?' Akanionyesha picha ya kichwa chenye alama. Nikatazama. Mbona ni mistari tu! Nikatoa chanuo kwenye mkoba, nikamwambia mdogo wangu kaa chini."

Dakika arobaini baadaye kofia ilikaa, na kompyuta ikachora mawimbi safi. Fundi mitambo akaenda mbio kumwita profesa, mkuu wa maabara.

"Profesa alitazama kompyuta, akatazama kichwa, akatazama kompyuta tena. Akaniuliza, 'Dada, unafanya kazi wapi?' Nikamwambia, kwa sasa sifanyi popote."

Haukuwa utani. Amesuka tangu ana miaka kumi na minane, na kwa miaka tisa alikuwa na saluni yake, chumba kimoja chenye vioo vitatu. Jengo likauzwa. Wapangaji wote wakapewa siku kumi na nne. Viti vya saluni viko kwa mdogo wake hadi leo, vimefunikwa shuka. Miezi saba iliyofuata alisuka majumbani kwa watu, siku nzuri vichwa viwili, siku mbaya, kwa maneno yake mwenyewe, "nasuka upepo". Mume wake ni seremala, na miezi hiyo mbao nazo hazikuwa zinatoka.

Maabara ikampa mkataba wa mwaka mmoja na mshahara wa kila mwezi. Kitu cha namna hiyo hakuwa amekiona tangu azaliwe.

"Mwezi wa kwanza nilidhani wamekosea," anasema. "Mwezi wa pili nikajua ni kweli, nikaanza kuogopa kuupoteza."

Profesa ni mwanamke mwembamba anayezungumza haraka na kuvaa miwani juu ya nywele zake fupi mpaka anaisahau. Namuuliza utafiti wenyewe ulikuwa wa nini. Namwomba anieleze kama anavyomweleza shangazi yake.

"Shangazi yangu ni mkali, hataki maneno mengi," anasema. "Watu wawili wakizungumza vizuri, baadhi ya mawimbi ya ubongo wa mmoja huanza kufuatana na ya mwenzake. Si uchawi, wala si kusomana mawazo. Wanasikia sauti moja, wanatazama kitu kimoja, kila mmoja anakisia mwenzake anaelekea wapi. Sisi tulitaka kujua, urafiki unaongeza nini hapo?"

Kwa hiyo wakatafuta jozi thelathini za marafiki na jozi thelathini za watu wasiofahamiana hata kidogo. Kila jozi ilivalishwa kofia na kuketishwa pande mbili za meza. Mmoja alipewa picha ya mnara wa vibao, mwingine akapewa vibao. Aliye na picha anaeleza, aliye na vibao anajenga. Mawimbi ya marafiki yangefuatana zaidi, na ya wageni kidogo. Ndivyo walivyotarajia.

Kabla ya meza, hata hivyo, kulikuwa na stoo. Na ndani ya stoo kulikuwa na Mama Mistari.

"Sasa niambie wewe, mwandishi," ananigeukia, mikono kiunoni. "Watu wawili wamekaa zaidi ya saa nzima, kimya kama wamefiwa, na mimi niko katikati yao na chanuo. Nitaachaje? Namuuliza huyu, unafanya kazi gani? Namuuliza na yule. Huyu anasema anafuga kuku wa mayai. Yule anasema anaoka keki, na mayai yamempanda bei. Nisiseme kitu? Nina roho ya chuma?"

Akasema kitu. Mfuga kuku na mwoka keki, waliosajiliwa kama jozi namba kumi na nne ya wageni, walikwenda kupimwa wakiwa wameshapatana trei sita kwa wiki. Mwalimu na dereva wa lori waligundua walisoma shule moja. Mwanamke mmoja alilia kwenye kiti kwa ajili ya mtoto wake anayeumwa, na mwenzake asiyemjua akamshika mkono mpaka mstari wa saba.

Hakuna aliyekuwa amemwambia Mama Mistari kwamba wageni lazima wabaki wageni. Na yeye hakuuliza, kwa sababu aliitwa kusuka. Kusuka anakokujua yeye, tangu akiwa msichana, ni mikono na mdomo pamoja.

"Kosa lilianzia kwangu," anasema profesa bila kuzunguka. "Kwenye mpango wa utafiti, ile saa nzima tuliiandika kwa neno moja, 'maandalizi'. Tulimwona kama mtu wa kufunga nyaya. Hakuna aliyeingia mle stoo kusikiliza."

Siku ya balaa ilikuwa Ijumaa mchana, mwezi mmoja kabla mkataba wa kwanza haujaisha. Profesa alikuwa anasafiri baada ya siku tisa kwenda kwenye mkutano mkubwa wa wanasayansi, akataka kujaribu hotuba yake mbele ya wafanyakazi. Wakaitwa wote, hadi mfagizi na mlinzi. Kukawa na soda na keki. Keki ilinunuliwa na Mama Mistari, kwa yule mwoka keki wake, kwa bei ya kujuana.

Kwenye ukuta profesa akaonyesha mistari miwili, wa marafiki na wa wageni. Ilikuwa karibu kugusana.

"Akasema, 'Tazameni! Watu hawa hawajawahi kuonana maishani mwao, na bado ubongo wao unafuatana karibu sawa na wa marafiki!' Watu wakapiga makofi. Mimi keki ikanikwama hapa." Mama Mistari anajishika koo. "Jozi ya kumi na nne iko ukutani, inaitwa wageni, na mimi nakula keki yao!"

Fundi mitambo alimpiga mgongoni akamwambia, "Shemeji, kula taratibu, hakuna anayekunyang'anya."

Mama Mistari alikuwa ameelewa kila kitu kwa dakika moja, na katika chumba kile alikuwa peke yake aliyeelewa.

Jioni akamweleza mumewe. Seremala yule, ambaye nilimkuta akipiga randa kibarazani, hakatai alichomshauri.

"Nilimwambia, funika kombe mwanaharamu apite. Umebakiza mwezi mmoja. Nani atajua? Hao wataalamu wenyewe wamepiga makofi!" Anapuliza maranda kwenye ubao. "Usinitazame hivyo, bwana. Watoto wawili wako shule, na mimi nilikuwa na makabati matatu hapa hayana mnunuzi. Nilisema kama baba."

Mkewe hamlaumu. Anasema usiku ule na mchana wa kesho yake yeye mwenyewe alikubaliana naye kabisa. Aliogopa. Alikuwa ameonja mshahara, akajua ukikatika nyumba itayumba.

Namuuliza basi kilichombadilisha ni nini. Hapa Mama Mistari anakaa kidogo bila kusema, na mara hii hakuna kadi mlangoni.

"Miaka yote hiyo vichwa kama vyetu vilikuwa vinarudishwa," anasema. "Ndio kwanza vinahesabiwa. Halafu vihesabiwe kwa uongo, na uongo wenyewe umetoka mikononi mwangu? Mtu kule mbali atasoma, atasema watu wale wako hivi. Kumbe hatuko hivyo. Kumbe ni Mama Mistari tu na mdomo wake. Hapana. Ile ilinishinda."

Jumatatu asubuhi alikuwa mlangoni kwa profesa kabla profesa hajafika. Maneno yaliyosemwa, wote wawili wanayakumbuka sawasawa.

"Profesa, wale wageni wako si wageni."

"Kivipi?"

"Niliwajulisha mimi."

"Uliwajulisha vipi?"

"Nikiwasuka. Hawa wanauziana mayai, Profesa. Keki ya Ijumaa ilitoka kwao."

Profesa akakaa. Akauliza ni jozi ngapi. Mama Mistari akamwomba amsomee orodha, na kwa saa mbili akazipitia zote thelathini kwa kichwa, akimkumbuka kila mtu kwa utosi wake. Huyu alikuwa na kovu nyuma ya sikio. Yule nywele zilikuwa zinaota upya baada ya ugonjwa. Huyu na yule walicheka mpaka mstari wa nne ukapinda, akaufumua. Walipomaliza, jozi ishirini na moja zilikuwa zimepita mikononi mwake pamoja na kupigishwa soga. Tisa tu hazikupita, kwa sababu ni watu wenye upara au walionyoa, walioingia moja kwa moja kupimwa.

Kwa upara hapo naomba nijitaje. Nilipomuuliza Mama Mistari kama anaweza kunitayarisha na mimi, alinitazama juu hadi chini akasema, "Wewe huna kazi nasi, kaka. Chako kimeshatayarishwa na Mungu."

Siku ile, lakini, hakukuwa na utani. Profesa alikasirika.

"Nilimwambia neno ninalolijutia mpaka leo," anasema, na sasa miwani ameishusha, anaifuta ingawa haina vumbi. "Nilimwambia, nilikuajiri kusuka, sikukuajiri kupiga soga. Nilikuwa naona miezi kumi na moja inaondoka na maji. Niliona aibu ya kuwaandikia wafadhili. Nikamtupia yeye."

"Liliniuma sana," anasema Mama Mistari. "Nilirudi stoo nikaosha machanuo. Yalikuwa safi. Nikayaosha tena."

Siku ile ile profesa akafuta safari ya mkutano. Jumanne akawaandikia wafadhili ukweli wote. Mama Mistari akakusanya taulo zake, chanuo na tepu ya kupimia kichwa, akaviweka kwenye mfuko mmoja kando ya mlango, ili akiambiwa aende asichukue muda.

Jumatano fundi mitambo alikwenda kumchukua profesa akaone kompyuta. Fundi ni mtu wa kuchezea namba, na usingizi ulikuwa umemkataa. Alikuwa amezitenga zile jozi tisa zisizosukwa na kuzichora peke yake. Mstari wao ulikuwa chini kabisa. Hao walikuwa wageni kweli. Kisha akazipanga zile ishirini na moja kwa muda zilizokaa stoo, kwa kuwa saa ya kuingia na kutoka iliandikwa. Zilizokaa sana zilipanda juu, zikaufuata mstari wa marafiki.

"Nikamwambia Profesa, huyu mama hajaharibu kitu," anasimulia fundi mitambo. "Ametupikia jambo ambalo hatukuagiza."

Profesa ni mwangalifu zaidi, na alinisihi niwe hivyo pia kwenye kuandika. Jozi tisa ni chache. Watu wenye upara wengi walikuwa wanaume, waliosukwa wengi wanawake, na hiyo peke yake ingeweza kuleta tofauti. "Lile halikuwa jibu," anasema. "Lilikuwa swali. Lakini lilikuwa swali zuri kuliko langu la kwanza."

Alishuka ngazi hadi stoo, akagonga mlango wa chumba cha maabara yake mwenyewe. Akamkuta Mama Mistari amekaa karibu na mfuko wake.

"Akaniambia, 'Dada, nisamehe lile neno.' Nikamwambia limepita. Akaniuliza, 'Unaweza kusuka kimya?' Nikamjibu hapo hapo, 'Siwezi.' Akacheka! Sijawahi kumwona akicheka vile. Akasema, 'Basi utajifunza, kwa sababu nataka kukupima wewe.'"

Mkataba ukaongezwa miezi minane, kwa fedha zilizokuwa zimebaki, kwa ajili ya utafiti mpya wa jozi arobaini, wageni watupu. Kila asubuhi fundi mitambo anafungua bahasha. Ikitoka kadi ya kijani, Mama Mistari anapiga soga anavyojua. Ikitoka nyekundu, anasuka kimya. Ishirini kwa ishirini. Mikono ile ile, mistari ile ile, dakika zile zile.

"Wiki ya kwanza kichwa kiliniuma," anasema. "Nikamuuliza Profesa, hata kuguna? Akasema hata kuguna."

Siku moja akiwa kwenye nyekundu alijikuta anaimba chini chini, hakujua alianza lini. Hakuna aliyemsikia ila wale wawili. Alipomaliza kusuka alikwenda mwenyewe kwa fundi mitambo akasema ifuteni hii, nimeimba. Ikafutwa. Ikatafutwa jozi nyingine.

Saa nne na nusu leo, wanawake wa jozi ya arobaini wanatoka kwenye chumba cha vipimo, jeli iliyopakwa chini ya vidude imewaganda vichwani kama ute wa yai uliokauka. Kadi nyekundu inashushwa mlangoni. Mama Mistari anafungua bomba, anapima joto la maji kwa kiwiko, anamwinamisha yule aliyepiga chafya.

"Afya, mwanangu!" anasema kwa nguvu. "Tangu saa mbili imenikaba."

Yule mwanamke anacheka mpaka maji yanamwingia puani. Dakika mbili baadaye wote watatu wanazungumza kwa pamoja na sielewi tena nani anamjibu nani.

Majibu ya utafiti bado hayajulikani. Yamefungwa kwenye kompyuta, na hata profesa ameahidi kutoyatazama mpaka yahakikiwe. Inawezekana soga halina lolote. Inawezekana tofauti ile ya kwanza ililetwa na upara kweli.

"Likiwa halina lolote tutasema halina lolote," anasema Mama Mistari. "Mimi sitakufa. Nitasema basi nilikuwa nafurahisha roho yangu tu." Anakamua taulo. "Mimi shida yangu ni Ijumaa, mwandishi. Nikitoka hapa natoka kwenda wapi? Nimezoea hapa. Nimezoea kuulizwa ninaonaje."

Saa saba na robo profesa anaingia stoo akiwa na karatasi mkononi, miwani juu ya nywele, anaitafuta mfukoni. Mama Mistari anamwonyesha kwa kidole ilipo. Hakuna anayecheka. Sote tumeitambua barua kwa namna alivyoishika.

Profesa anasoma kimoyomoyo kwanza, midomo ikicheza. Kisha kwa sauti. Wafadhili wameishukuru maabara kwa kusema ukweli mapema, kabla matokeo mabaya hayajasambaa. Wamekubali kuendelea kwa miaka miwili. Wametoa masharti mawili. La kwanza, kila kinachofanyika kabla ya kipimo, ndani ya stoo na nje yake, kiandikwe kama sehemu ya utafiti. La pili, afundishwe kazi hii angalau msusi mmoja zaidi, na mwalimu awe Mama Mistari.

"Soma tena hapo," anasema Mama Mistari.

Profesa anasoma tena.

"Miaka miwili?"

"Miaka miwili, dada."

Anakaa kwenye kiti cha wateja, kile cha upande wa kulia. Anajifunika uso kwa taulo lenye maji na analia waziwazi, mabega yakitikisika. Profesa anapiga magoti sakafuni kwenye jeli iliyomwagika na kumkumbatia. Fundi mitambo anasema ana kazi ya kumalizia huko juu, lakini hasogei mlangoni.

Alipopata sauti alimpigia mumewe. Tulisikia sote, kwa kuwa yule seremala akiwa na furaha hahitaji simu. "Umeona!" alikuwa anapiga kelele. "Nilikwambia useme ukweli!"

"Ati nini?" Mama Mistari alimjibu, na stoo nzima ikaangua kicheko.

Wiki iliyofuata nilirudi, kwa sababu nilisikia anachagua msusi wa kumfundisha. Walikuja watano, wote wenye mikono mizuri. Mmoja alisuka mistari saba kwa dakika ishirini na nne, karibu nusu ya muda wa mwalimu mtarajiwa, na mistari ilikuwa imenyooka kama imepigwa rula.

Mama Mistari alizitazama kazi zote, akasifu, kisha akamwita kila mmoja peke yake na kumuuliza swali moja tu. Ni kosa gani baya kuliko yote umewahi kumfanyia mteja, na ulifanya nini?

Yule wa dakika ishirini na nne alisema tangu aanze kazi hajawahi kukosea.

"Nikampa nauli," anasema Mama Mistari.

Wawili walisimulia makosa ya wasusi wengine. Mmoja alisema hakumbuki. Wa mwisho, mwanamke mpole ambaye mistari yake miwili ilikuwa imepinda kidogo, alisema aliwahi kumchoma mteja kwa dawa ya nywele, nyuma, mahali ambapo mwenyewe asingepaona kwenye kioo. Alisimama muda mrefu na kitambaa mkononi. Kisha akamzungukia mbele, akamwambia, "Dada, nimekuchoma."

Nikamuuliza Mama Mistari yule mteja alisema nini.

"Sikumuuliza," anajibu, akitundika mlangoni aproni ya pili, mpya, bado ina mikunjo ya dukani. "Huyo anaanza Jumatatu."